Hosteli ya chuo au chumba cha mtaani? Maswali ya wanaokuja kusoma Mbeya na Iringa

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yakitoka, simu yangu hupata kazi. Wanaopiga ni wadogo zangu, watoto wa majirani, na wazazi ambao mtoto wao hajawahi kulala nje ya mkoa waliozaliwa wote. Swali ni lile lile: mtoto amepangiwa Mbeya, au amepangiwa Iringa, alale wapi? Mimi nilisoma Iringa miaka mitatu, mmoja hosteli na miwili mtaani. Sasa naishi Mbeya, kwenye mtaa ambao wapangaji wengi ni wanafunzi. Ninayoyaandika hapa nimeyaona huko. Bei za vyumba sikuziorodhesha kwa sababu hupanda kila vyuo vinapofunguliwa. Penye hesabu, ni mfano wa kukuonyesha namna ya kupiga ya kwako.

Kwa kifupi, unanishauri nichague kipi?

Mwaka wa kwanza omba hosteli ya chuo, na ukiipata ichukue, hata kama ni chumba cha watu sita na kitanda chako ni cha juu. Mwaka wa pili ndipo ufikirie kutoka.

Sababu yangu ni moja tu. Mgeni haujui mji. Hajui kwamba Uyole na Iyunga ni ncha mbili za jiji moja, Mbeya, au kwamba Ipogolo iko bondeni na mji wa Iringa uko juu yake. Hajui mtaa upi maji hutoka usiku tu. Chumba kizuri cha kupanga hutafutwa kwa miguu, na anayetembea kukitafuta anahitaji mahali pa kulala wakati anatafuta. Hosteli ya mwaka wa kwanza inakupa mahali hapo. Kufikia mwezi wa tano utakuwa umewatembelea wenzako kwenye mageto yao, yaani vyumba vyao vya kupanga, umeona nani analia na nani ametulia, na ukipanga utapanga kwa macho yako.

Hosteli ya chuo inaombwaje?

Kwa vyuo vingi siku hizi unaomba kupitia akaunti yako kwenye mfumo wa chuo, ile ile unayosajilia masomo. Ukikubaliwa unapewa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu, na chumba kinakuwa chako. Hapo katikati ndipo wengi wanapopoteza nafasi: jina limetoka, kontroo namba imetoka, lakini hela bado haijatumwa kutoka nyumbani. Muda ukipita kitanda anapewa mwingine. Kwa hiyo mzazi, kama kuna fedha moja ya kutanguliza kabla ya zote, ni hiyo.

Vitanda ni vichache kuliko wanafunzi. Vyuo vingi hutanguliza wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu, wenye maradhi yanayohitaji uangalizi na wanaotoka nje ya nchi. Kama una sababu ya kiafya, iandike na uambatanishe cheti cha daktari. Ukiisema kwa mdomo tu itasahaulika.

Nimekosa. Ndiyo basi?

Hapana. Wiki ya pili na ya tatu baada ya chuo kufunguliwa vitanda hurudi, kwa sababu wapo waliopewa wakahama chuo, wakaahirisha mwaka, au wakakosa ada. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, jina lako liandikwe kwenye orodha ya wanaosubiri, na urudi tena baada ya siku mbili. Anayerudi kwa adabu hukumbukwa. Mwambie pia kiongozi wa malazi katika serikali ya wanafunzi. Huyo hujua kitanda kiko wazi kabla ya tangazo kubandikwa.

Hosteli ni nafuu kweli, au ni maneno ya watu?

Mara nyingi ni nafuu, lakini watu hulinganisha vitu visivyolingana. Ada ya hosteli imeandikwa kwenye fomu yako ya kujiunga, na kwanza angalia kama ni ya muhula au ya mwaka. Kodi ya mtaani inatajwa kwa mwezi. Ukiweka tarakimu ya mwezi kando ya tarakimu ya mwaka, utadanganyika.

Chukua mfano. Umepata chumba cha 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima. Hiyo ni 600,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 50,000. Chumba kiko mbali kidogo na chuo, tuseme daladala kwenda na kurudi ni 1,200 kwa siku. Siku 5 kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo, ni 180,000. Umefika 830,000 na hujanunua godoro, kitanda, pazia, ndoo mbili, jiko, sufuria wala kufuli. Hujagusa umeme wala maji.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu. Mwaka wa masomo ni mihula miwili, na ukitoa likizo, mwanafunzi analala chumbani kwake kama miezi minane. Miezi minne mingine yuko nyumbani au yuko fildi, mafunzo kwa vitendo, wilaya nyingine kabisa. Kwenye mfano wetu hiyo ni 200,000 ya kulipia chumba kinachohifadhi godoro na panya. Gawanya ile 600,000 kwa miezi 8 utaona kwamba chumba chako cha 50,000 kwa kweli ni cha 75,000.

Sasa igeuze. Mkiwa wawili kwenye chumba hicho, mnatembea kwa mguu kwenda darasani, na mmekipata bila dalali, kila mmoja anabaki na kodi ya 300,000 tu kwa mwaka na anajipikia. Chakula cha kujipikia kwa ushirika ni nafuu sana kuliko kula kwa mama ntilie mara tatu kwa siku, na Mbeya ukiwa na jiko hulali njaa: viazi, maharage, mchele wa Kyela na ndizi ziko soko la Mwanjelwa kila siku. Hapo mtaani panaweza kushinda. Kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima, na chakula kiwemo.

Boom litatosha kodi?

Boom, yaani fedha za Bodi ya Mikopo, ni la chakula na malazi kwa pamoja. Hakuna fungu la kodi pembeni. Kwa kiwango cha 10,000 kwa siku, siku 60 ni 600,000. Ukimpa mwenye nyumba zote, kama kwenye mfano ule, utakula nini miezi hiyo miwili? Nimewaona wengi wakifanya hivyo kwa furaha ya kupata geto, na kufikia wiki ya tatu wanahesabu vijiko vya sukari.

Jingine: boom la kwanza haliji siku unayoshuka kwenye basi. Lazima usajiliwe kwanza, kisha jina lipite, ndipo usaini. Kodi ya kwanza, au ada ya hosteli ya kwanza, itatoka nyumbani. Familia ijipange hivyo tangu mwanzo, na asiyekuwa na mkopo asiige mipango ya mwenye nao.

Kuna hosteli za nje ya chuo zenye matroni. Hizo ni za nani?

Ziko za aina mbili, na jina linachanganya. Zipo nyumba ambazo chuo kimezikodi au kimeingia makubaliano na mwenyewe. Humo taratibu ni za chuo na malalamiko yanapelekwa chuoni. Na zipo za watu binafsi au taasisi za dini ambazo zimejengwa kwa ajili ya wanafunzi, zina vitanda vya juu na chini, mlinzi, geti, na pengine matroni, lakini chuo hakina usemi humo. Swali la kuuliza kabla ya kulipa: risiti inatoka kwa nani? Jibu la hilo litakuambia utamlilia nani maji yakikatika.

Hizi za binafsi zinawafaa sana wanaotaka ulinzi wa hosteli bila foleni ya chuo. Ubaya wake ni kwamba wengine hulipisha kwa kitanda, na chumba cha watu wawili kikikosa mwanafunzi wa pili unaweza kuletewa usiyemjua katikati ya muhula. Uliza hilo pia.

Nitafute mitaa gani?

Kwa wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, jibu ni Iyunga na Ikuti, na ukikosa, Nzovwe. Watu watakuambia Soweto na Mwanjelwa kuna maisha, na ni kweli maisha yapo, soko lipo, chakula kipo mpaka usiku. Lakini ukikaa huko utategemea barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ile inayobeba malori yote ya Tunduma. Lori moja likiharibika, wewe na mtihani wa saa mbili asubuhi mmekwama pamoja. Ukisikia mtu anakushawishi chumba cha Uyole kwa sababu ni rahisi wakati unasoma Iyunga, mshukuru na uendelee kutafuta.

Iringa ni mji mdogo, lakini una milima. Mabasi ya mikoani hushusha stendi ya Igumbilo, huko chini, na mgeni akiona vyumba vya Ipogolo karibu na barabara kuu huona amefika. Hajafika, kila asubuhi atapanda mlima. Wa chuo cha Mkwawa na wa Chuo Kikuu cha Iringa wengi hukaa upande wa Kihesa, Semtema na Mtwivila, ambako mtaa mzima umezoea wanafunzi, kuanzia muuza chipsi mpaka fundi simu. Wa Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, RUCU, watafute kwanza kwa kutembea kuzunguka chuo chenyewe kabla ya kumsikiliza mtu yeyote.

Kipimo changu ni rahisi: tembea kutoka chumbani mpaka darasani saa moja asubuhi, kisha rudi saa mbili usiku. Kama safari ya usiku imekutia hofu siku ya kwanza, itakutia hofu mpaka siku ya mwisho, na maktaba utaiacha mapema kila siku kwa sababu hiyo.

Naambiwa baridi ni kali. Inahusiana vipi na chumba?

Inahusiana sana, na hapa naomba usome taratibu, hasa ukiwa unatoka Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Kigoma.

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Chumba cha bati bila dari, chenye sakafu ya saruji tupu na tundu juu ya dirisha, huwa kama jokofu alfajiri. Kwa hiyo dari unayoidharau mwezi wa kumi, kukiwa na jua, utaitamani mwezi wa saba. Chagua chumba chenye dari hata kwa kuongeza kidogo. Nunua blanketi zito Mwanjelwa au kwenye mitumba ya Iringa, na usije na shuka peke yake.

Sasa la muhimu. Usilale na jiko la mkaa ndani. Usiliingize hata kwa dakika za kupasha chumba, ukasema utalitoa. Utasinzia. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Watu hudhani hatari ni moshi, kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi umeisha basi ni salama. Si salama. Sumu iko pale pale, na mtu hupitiwa akiwa usingizini bila kukohoa hata mara moja. Mwaka wangu wa pili jirani yangu aliamka akiwa na kichwa kinapasuka, akajaribu kusimama akaanguka mlangoni. Kilichomwokoa ni kwamba mlango haukuwa na komeo, ukafunguka kwa uzito wake. Ukimkuta mtu hivyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, na umkimbize hospitali hata akisema amepata nafuu.

Mvaa soksi na sweta mbili hachekwi na mtu huku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikafunikwa kitambaa na kuwekwa miguuni, inatosha kukulaza.

Dalali ni lazima? Na nimtumie pesa kabla sijafika?

Usitume. Nasema hivi kwa sababu nilituma.

Nilipokuwa najiandaa kwenda Iringa, mtu mmoja alinitafutia chumba kwa simu. Alinitumia picha, chumba safi, pazia la bluu. Nikamtumia kodi ya miezi mitatu na ya kwake. Nilishuka usiku, nikapelekwa kwenye nyumba ile, na pazia la bluu lilikuwepo kweli. Nyuma yake alikuwepo mama na watoto wawili ambao hawakuwa na habari ya kuhama. Simu ya yule mtu haikupokelewa tena. Nililala nyumba ya wageni usiku tatu, hela ya chakula ikaishia huko, mpaka kaka mmoja wa mwaka wa tatu akanionea huruma akanipa nusu ya kitanda chake. Baadaye ndipo nikapata nafasi hosteli kwa ile orodha ya wanaosubiri niliyoitaja.

Wako madalali waaminifu, na msimu wa kufungua vyuo hukuokolea siku nyingi za kutembea. Lakini mlipe ukiwa umesimama ndani ya chumba, ufunguo uko mkononi, na mwenye nyumba mwenyewe, si mpangaji anayejiita msimamizi, amekubali mbele yako. Ukiambiwa ulipie kwanza hela ya kwenda kuoneshwa, uliza ni kiasi gani na kwa vyumba vingapi, maana wapo wanaoishi kwa hela hiyo tu.

Njia bora kuliko dalali ni wanafunzi wanaomaliza. Mwezi wa sita na wa saba, wale wa mwaka wa mwisho wanahama, na wengi wanapenda kumwachia mtu geto pamoja na kitanda na jiko kwa bei ya chini. Hakikisha tu mnakwenda wote kwa mwenye nyumba. Kuna aliyeachiwa chumba na mwenzake kimyakimya, na mama mwenye nyumba alipokuja kukagua akamkuta mtu asiyemjua. Vitu vilikuwa uani kabla ya jioni.

Nikienda kuona chumba nitazame nini?

Fungua bomba. Usiulize kama maji yapo, fungua. Kisha waulize wapangaji, si mwenye nyumba, maji hutoka siku zipi na kama kuna simtanki. Angalia choo ni cha watu wangapi; vyumba kumi kwa choo kimoja maana yake asubuhi ya mtihani utapanga foleni. Inua macho kwenye dari utafute madoa ya kahawia: hapo mvua inavuja, na mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili. Gusa ukuta wa chini karibu na kitanda kitakapokaa, kama una unyevu nguo zako zitaota ukungu. Dirisha liwe na nondo, mlango uwe wa kupokea kufuli lako mwenyewe. Badilisha kitasa siku unayoingia, kwa sababu hujui ni wapangaji wangapi waliopita wana ufunguo. Angalia pia kama mtandao wa simu unashika ndani, maana siku hizi kazi nyingi za chuo zinatumwa kwa intaneti.

Na ukienda, salimia vizuri. "Kamwene" kwa Iringa na "ugonile" kwa mama wa Kinyakyusa havina gharama, na nimeona kodi ikipungua kwa ajili hiyo.

Umeme wa kuchangia una shida gani?

Nyumba nyingi za kupangisha zina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, wapangaji wanachanga. Ugomvi wa kwanza ni nani ana pasi na nani ana hita ya kuchemshia maji. Lakini kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa mteja mdogo wa nyumbani, TANESCO huuza uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Akizidi hapo, kila uniti ni 350. Mpangaji mmoja anayewasha taa, kuchaji simu na kompyuta hafikii 75 hata kidogo. Wapangaji wanane kwenye mita moja wanazivuka katikati ya mwezi, na kuanzia hapo wote wananunua umeme ghali, hata yule mwenye taa moja. Ndiyo maana chumba chenye mita yake kinastahili kuongezewa kidogo kwenye kodi.

Kuna pia kodi ya majengo, ambayo hukatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Ongea naye mapema ikatwe kwenye kodi ya chumba. Wengi hukubali wakiulizwa siku ya mkataba, na hukataa wakiulizwa baada ya miezi sita.

Mkataba ni lazima? Mwenye nyumba ni mtu mzima, ni kama mzazi.

Heshima ibaki na karatasi iwepo. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: majina, chumba kipi, kodi kiasi gani, imelipwa ya kuanzia lini mpaka lini, umeme na maji vinalipwaje, na kila upande utoe taarifa ya muda gani kabla ya kuachana. Saini mbele ya shahidi. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe. Siku ya matatizo, mtu anayejulikana mtaani husikilizwa.

Lipa kwa simu au benki pale inapowezekana, kwa namba yenye jina la mwenye nyumba. Ukilipa mkononi, dai maandishi siku hiyo hiyo.

Niombe kulipa kwa miezi mingapi?

Anza na mitatu, mmalizane na sita. Ya mwaka mzima ikubali ukiwa umekaa pale angalau muhula mmoja. Na jaribu hili, linafanikiwa kuliko watu wanavyodhani: mwombe mwenye nyumba nusu kodi kwa miezi ya likizo na fildi, ukiwa umefunga chumba na vitu vyako viko ndani. Anajua kwamba mwezi wa nane hatapata mpangaji mwingine mwanafunzi. Wenye nyumba wanaokaa humo humo hukubali kwa urahisi. Wanaokaa mbali hawapendi.

Naweza kubebana na rafiki hosteli?

Kubebana, yaani kulala kwenye kitanda cha mwenzako, kumewasitiri wengi, na mimi nikiwemo zile siku za mwanzo. Lakini vyuo vinakataza, na akikaguliwa anayeadhibiwa ni aliyekubeba: anaweza kupoteza kitanda alicholipia. Fanya kwa siku chache za shida, si kwa muhula. Ukiwa humo changia sabuni, amka mapema, na usilete mgeni wako.

Binti yangu anataka kukaa mtaani. Nimkatalie?

Mama, baba, kwanza msikilize sababu yake. Wapo wanaotaka kutoka kwa kuwa chumba kina kelele na hawawezi kusoma, na hiyo ni sababu ya kweli. Mwaka wa kwanza ningesimama kidete awe hosteli ya chuo au ile ya binafsi yenye matroni na mlinzi. Baadaye, akae na wenzake wa kike kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba anaishi humo humo, njia ya usiku ina watu, na geti linafungwa kwa saa inayojulikana. Nenda naye siku ya kuhamia. Mwenye nyumba akishamwona mzazi, na namba ya mzazi anayo, anamtazama yule binti kwa jicho jingine.

Jambo la kodi zungumzeni wazi. Nimeona mabinti wakihamia kwa wanaume, si kwa mapenzi, ila kwa sababu kodi iliisha na waliogopa kuisema nyumbani. Mtoto ajue kwamba akikwama kodi anaweza kupiga simu usiku huo huo bila kugombezwa. Na hilo hilo aambiwe kijana wa kiume, ambaye naye hukopa pabaya.

Hosteli wanaruhusu kupika?

Nyingi haziruhusu, na majiko ya umeme hunyang'anywa. Mtaani pika kwa mtungi mdogo wa gesi, kilo 6, uuweke karibu na dirisha, na ufunge koki kila ukimaliza.

Nimpate vipi mwenzangu wa chumba?

Usichague rafiki wa kucheka naye. Chagua anayelala saa unazolala wewe. Kaeni mwezi mmoja mkisoma pamoja kabla ya kupanga pamoja. Majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na nusu anayolipa kila mmoja, ili mmoja akiacha chuo katikati mwenye nyumba asikudai wewe nusu yake.

Nina ulemavu wa miguu. Mtaani nitaweza?

Ukiweza, baki hosteli ya chuo miaka yote, na uombe chumba cha chini kwa maandishi kila mwaka, usidhani wanakumbuka. Mitaa mingi ya Mbeya na Iringa ina miteremko na vichochoro vya udongo ambavyo mvua ikinyesha hata mwenye miguu miwili huteleza. Kama ni lazima utoke, tafuta nyumba iliyo kwenye barabara ya lami, ambayo bajaji inafika mpaka mlangoni, na choo cha kukaa kiwe ndani.

Mwenye nyumba ananifukuza na kodi yangu haijaisha. Niende wapi?

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkataba wako mkononi. Migogoro mingi huishia pale. Isipoisha, baraza la kata hupatanisha, na juu yake kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mjulishe pia mshauri wa wanafunzi wa chuo chako, hata kama nyumba si ya chuo. Barua yake ina uzito mtaani. Wakati huo usikubali kutoa vitu vyako mwenyewe kwa hasira, na usiache kuishi humo.

Nimeshalipa chumba miezi sita, sasa jina langu limetoka hosteli. Nifanyeje?

Usiache kitanda cha chuo kwa haraka. Mpigie mwenye nyumba siku hiyo hiyo, mweleze ukweli, umwombe akuruhusu kumleta mwanafunzi mwingine akurudishie hela yako ya miezi iliyobaki. Wiki mbili za kwanza za muhula wanaotafuta ni wengi. Bandika tangazo kwenye mbao za chuo na kwenye makundi ya wanafunzi wa mwaka wako. Atakayekuja mpeleke kwa mwenye nyumba, mkataba mpya uandikwe kwa jina lake, na wa kwako ufutwe mkiwa watatu hapo hapo. Ukibaki na jina lako kwenye mkataba wa zamani, deni lake la umeme litakufuata hosteli.

Kama wiki ya kulipia hosteli inaisha na hujampata mtu, rudi kwenye ile hesabu ya mwaka mzima. Weka kando kodi uliyokwisha kulipa, maana hiyo imetoka, na ulinganishe yanayobaki mbele: nauli, chakula, miezi ya fildi, na ile safari ya saa mbili usiku kutoka maktaba.